Mikono Iliyofika Kabla ya Miguu

Zipu ya mfuko ilifunguliwa, ikafungwa. Ikafunguliwa tena, ikafungwa tena. Mama Ndegwa alikuwa macho kitandani, blanketi limemfika kidevuni, akisikiliza mlio huo kutoka sebuleni. Kulikuwa bado na giza, na theluji iliyoanguka usiku ilikuwa imeng'ang'ania kioo cha dirisha. Mtu anayejua anakokwenda hufunga mfuko wake mara moja akaenda zake. Huyu wa sebuleni alikuwa na jambo.

Aliamka taratibu, akajifunga leso juu ya gauni la kulalia, akatoka. Mjukuu wake, Abigael, alikuwa amekaa sakafuni katikati ya soksi na viatu vyake vya kutelezea, kichwa amekiegemeza kwenye kochi.

"Kwani leo huendi?" Mama Ndegwa aliuliza.

Abigael alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anakwenda, ila haoni faida ya kwenda. Nyanya yake aliingia jikoni, akabandika maziwa, akatia majani ya chai, akasubiri yachemke. Alikuwa amelea watoto na wajukuu muda mrefu vya kutosha kujua kwamba neno zito halivutwi kwa kamba. Linangojewa.

Abigael alikuwa amemaliza tu shule ya sekondari. Alianza kuteleza kwenye barafu akiwa mdogo, meno ya mbele hana. Baba yake, Ndegwa, alikuwa akitoka zamu ya usiku kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, anampitia hapa nyumbani, mtaa wa Dixon, anampeleka mazoezini, halafu analala ndani ya gari hadi mtoto amalize. Miaka ikapita hivyo. Msichana akajifunza kuruka, kujizungusha hewani na kutua kwa mguu mmoja, akaanza kushindana na watoto wa watu. Kisha kifundo cha mguu kikaumia, kikapona, kikaumia tena, na daktari akasema ile miruko mikubwa basi. Msimu mzima viatu vilikaa chini ya kitanda, na nyumba nzima ilijua vipo hapo.

Ndipo kampuni moja ya filamu za katuni ikamwita. Walikuwa wanatengeneza hadithi ya mwanamke anayeteleza kwenye ziwa lililoganda, na walitaka mtu wa kweli wa kuwaonyesha mwendo. Abigael alivalishwa nguo nyeusi ya kubana, yenye vidude vidogo kama vifungo kila mahali, begani, kiwikoni, magotini. Akiteleza, kamera zilizopangwa kuzunguka barafu zinavifuata vile vifungo, kompyuta inaushika mwendo wake, na wachoraji wanauvalisha mwili mwingine. Uso wake hawakuutaka, wala sauti yake. Walitaka namna anavyokwenda.

Mama Ndegwa alikuwa ametangaza habari hiyo kanisani, katika kikundi cha akina mama, bila kuulizwa.

"Lakini Mama Ndegwa, katuni huchorwa," Mama Shaun alimwambia mbele ya wote. "Sasa mjukuu wako amekuwa penseli?"

Walicheka, naye akacheka. Lakini akiwa kwenye lifti kurudi nyumbani alilifikiria lile neno, akaona halina ubaya. Penseli, sawa. Ni penseli gani nyingine inayoruka ikajizungusha na kutua kwa mguu mmoja?

Chai ilipokuwa tayari alimpa Abigael kikombe, akakaa kwenye kochi nyuma yake, akaanza kumfunga nywele zisimsumbue. Hapo ndipo neno lilipotoka. Yule mwanamke wa kwenye katuni anaonyeshwa akiwa msichana, halafu anaonyeshwa akiwa bibi mzee. Sehemu za usichana Abigael alizifanya na zikapendwa sana. Sehemu za uzee alikuwa amejaribu siku mbili tofauti, na mara zote mbili Shafina, mwongozaji wa filamu, alitikisa kichwa. Na kwa kuwa ni mwanamke mmoja, walitaka mwili mmoja uanze naye na umalize naye. Leo wakikosa tena, watamleta mtelezaji mwingine, mtu mzima, naye atafanya kila kitu upya. Zile sehemu za usichana zitatupwa pamoja na hizi.

"Leo ndiyo ya mwisho, Shosho," Abigael alisema.

Alilisema kwa Kiswahili. Mama Ndegwa alimaliza kufunga nywele, akampapasa kichwa.

"Basi tutaenda wote."

Ndegwa alikuwa bado kazini, kwa hiyo walipanda basi. Mama Ndegwa alivaa koti lake zito, akajaza chupa kubwa ya chai, akaiweka kwenye kikapu pamoja na vikombe na mandazi ya jana, kwa maana hakujua namna ya kwenda watu wanakofanya kazi akiwa mikono mitupu. Chini ya viatu alivalisha ile mipira yenye meno ya chuma ambayo mwanawe alimnunulia mwaka wake wa kwanza katika nchi hii ya theluji, ili asianguke kati ya mlango wa jengo na kituo cha basi. Aliyapenda meno yale. Yalimfanya aende sokoni na kanisani majira yote bila kushikwa mkono na mtu.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukumbi mkubwa wenye dari la mabati na baridi ya friji. Derek, mzee anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, ndiye aliyewafungulia mlango. Hakumjua Mama Ndegwa, lakini alikiona kikapu, akakipokea kabla hajaombwa, akakitanguliza hadi kwenye viti. Mama Ndegwa aliliweka hilo moyoni.

Shafina alikuja kuwalaki, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya sufu, amekosa usingizi. Alimkalisha Mama Ndegwa mahali pazuri, akamletea blanketi, akamweleza kwa upole, Abigael akitafsiri, kwamba wana muda mfupi tu, kwa sababu baadaye watoto wa mpira wa magongo watauhitaji uwanja. Mama Ndegwa aliwasalimia kwa mkono wote waliokuwa upande ule wa viti, mmoja mmoja. Waliobaki walikuwa mbali, katikati ya barafu, wakishughulika na nyaya na kamera. Hao hakuwafikia, na jambo hilo lilimkaa vibaya.

Kazi ikaanza. Abigael aliingia katika ile nguo nyeusi ya vifungo, akasimama, akainama. Mgongo aliukunja, magoti akayalegeza, mikono ikawa inatetemeka kando ya mwili. Aliteleza polepole, akisita, akiburuta mguu mmoja, macho yakiitazama barafu. Mama Ndegwa alimtazama, akajiuliza huyo ni nani. Alikuwa anajua wazee wengi, mwenyewe akiwamo, na hakuna aliyekwenda hivyo. Mtoto alionekana kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Lakini kazi ile haikuwa yake, na mjukuu wake alikuwa anajitahidi hadi jasho linamtoka kwenye baridi.

Walirudia, wakarudia tena. Mwishowe Shafina aliinua mkono, akasema wapumzike kidogo. Hakukasirika. Alitazama chini tu, na kutazama chini kule kulikuwa kubaya kuliko hasira. Abigael alibaki peke yake upande wa mbali, mikono kiunoni, mgongo amewapa watu.

Mama Ndegwa aliona sasa kazi imesimama, na wale wa katikati wamesimama pia, hawana la kufanya, wanamtazama. Amekuja kwao asubuhi yote, amekaa, amefunikwa blanketi, na hajawapa hata mkono. Adabu gani hiyo, kutazamana na watu kama ng'ombe mnadani? Aliinuka. Alishika mkoba wake, akasukuma kimlango kidogo kwenye ukuta wa mbao unaozunguka barafu, akaingia barafuni na viatu vyake vya meno.

Derek alipiga kelele kutoka ng'ambo. Mama Ndegwa alidhani anahofia asianguke, akampungia mkono kumtuliza. Akaendelea. Barafu ilikuwa ngumu na yenye kung'aa kuliko ya barabarani, na alisikia kila hatua ikiuma chini ya nyayo. Alikwenda kwa hatua fupi, akiujaribu kila mguu kabla ya kuupa uzito, lakini mgongo ulikuwa wima, na uso ameuinua kwa wale watu. Alipomkaribia wa kwanza, kijana aliyeshika waya, mkono ulikuwa umeshatoka.

"Habari ya asubuhi," alimwambia kwa Kiingereza chake cha kanisani. "Mimi ni nyanya ya Abigael."

Kijana akaweka waya chini, akaupokea mkono. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo wote walifanya lililo rahisi, wakasalimiana naye. Mmoja aliinama kidogo akimpa mkono, na Mama Ndegwa akajua kwamba huyo kwao kuna wazee. Alipomaliza wote, alimgeukia mjukuu wake akitabasamu, na hapo akaona alichokuwa ameacha nyuma yake: mstari wa vitundu, kutoka kimlangoni hadi katikati, kana kwamba kuku mkubwa wa chuma amepita.

Abigael alikuwa amevuka barafu yote. Uso wake ulikuwa umewaka.

"Shosho, umefanya nini?"

Alieleza haraka, Kiingereza na Kiswahili vikigongana. Haiwezekani kuteleza juu ya matundu yale, chuma cha kiatu kitanasa, mtu atavunjika. Lazima barafu ilainishwe upya, na kulainisha kunakula muda, na muda ndio hawana. Mama Ndegwa alisikia moyo wake ukishuka hadi kwenye yale meno ya chuma. Amekuja kumsindikiza mtoto, kumbe amekuja kumfungia mlango.

Derek alifika, amekunja uso. Aliyatazama matundu, akamtazama yule mama. Mama Ndegwa hakuwa na maneno ya kutosha ya kuomba msamaha katika lugha ya Derek, na huyu naye alikuwa hajampa mkono. Akaunyosha. Derek aliuangalia ule mkono. Kisha alivua glavu yake, nene kama mto, akaiweka kwapani, akampa mkono mtupu. Wengine wote walikuwa wamemsalimia na glavu. Halafu akasema jambo fupi, akaenda kuwasha mashine yake.

Abigael alimtafsiria: amesema atalainisha pale katikati peke yake, haraka, na watoto wa magongo atawaambia yeye mwenyewe wavae viatu bila pupa.

Akiwa amerudi kwenye kiti, viatu amevivua na kuvishika mkononi kama mtoto aliyeadhibiwa, Mama Ndegwa hakutaka kumtazama mtu. Alimimina chai kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Wale wa katikati walikuja kando kwa ajili ya mashine, wakachukua vikombe, wakamshukuru. Alikuwa anatafuta kikombe cha Shafina alipoona kwamba Shafina haji. Alikuwa ameinamia kioo kidogo cha kamera moja, ya kawaida tu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Shafina alimwita Abigael. Wakainama wote wawili.

Walitazama picha iliyonaswa hadi mwisho, wakairudisha nyuma, wakatazama tena. Mama Ndegwa alijua wanatazama kosa lake, akaomba kimoyomoyo liishe.

Abigael alikuja kwake, akachuchumaa mbele ya kiti. Uso haukuwaka tena. Alizungumza Kiswahili taratibu, akichagua kila neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Shosho. Pale kwenye barafu. Hukuogopa kuanguka?"

"Niliogopa sana," Mama Ndegwa alisema. "Lakini watu walikuwa wananiona. Ningewapita vipi bila salamu?"

Abigael aliishika mikono ya nyanya yake, akaitazama, akaigeuza, kana kwamba leo ndiyo anaiona. Akasema kwamba kwenye kamera mikono inafika kabla ya miguu. Miguu bado inatafuta pa kukanyaga, na mikono imeshafika kwa mtu. Yeye siku zote hizo alikuwa akimwigiza bibi anayefikiria barafu. Kumbe bibi hafikirii barafu, anafikiria anakokwenda.

Mashine ya Derek ilimaliza, ikaacha nyuma yake njia pana inayong'aa kama sinia lililooshwa. Abigael aliingia. Alisimama muda, macho amefumba, halafu aliyafumbua na kuyaelekeza mbali, ng'ambo ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Lakini alivyopaangalia, Mama Ndegwa aligeuka kuona ni nani amekuja.

Akaanza kuteleza. Mgongo ulikuwa wima. Mguu ulisita kidogo, ukaonja barafu, ukakubali, na mkono wa kulia ukawa tayari umetoka mbele, wazi, ukienda kwa mtu. Alizunguka duara pana bila haraka. Mahali ambapo msichana angeruka, yeye aliinuka tu kwenye ncha ya kiatu, akakaa hapo juu pumzi moja, akashuka kwa staha kama mama anayeketi kanisani. Hakutetemeka hata kidogo. Alikuwa mzee, na alikuwa mzuri, na mtu yeyote aliyemwona angejua kwamba zamani alikuwa yule msichana. Mwishoni alifika mahali pale patupu, akainama nusu, akatoa mikono yote miwili, akamsalimia yule asiyekuwepo.

Kisha kutoka upande wa mashine ikasikika sauti ya Derek akipigapiga glavu zake nene, pu, pu, pu, na wengine wakafuata. Shafina alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Hakutikisa kichwa safari hii. Alisema neno moja, na hata Mama Ndegwa alilielewa: ndiye. Ndiye huyu.

Mama Ndegwa alikaa wima ndani ya blanketi lake, viatu vya meno mapajani. Alitaka kumwambia mtu kwamba yule pale ni wake, kwamba baba yake alilala ndani ya gari miaka mingapi kwa ajili ya asubuhi hii. Lakini aliokuwa nao karibu walishajua. Si alikuwa amejitambulisha kwa kila mmoja?

Theluji ilikuwa imeyeyuka na miti ya barabarani imetoa majani walipoitwa studio, karibu na mtaa wa St. James Town, kuona kipande hicho kikiwa tayari. Safari hiyo walikwenda wote, Abigael, Ndegwa na mkewe, na Mama Ndegwa, kwa gari. Waliingizwa kwenye chumba chenye giza na kioo kikubwa ukutani. Kwanza walionyeshwa mistari mitupu, mifupa ya rangi ya kijani ikienda peke yake gizani, na hata hapo Mama Ndegwa alimtambua mtoto. Halafu mifupa ikavaa nyama, ikavaa koti jekundu na shali, na bibi mmoja wa katuni, mweupe wa nywele, akatoka nyumbani kwake na kuingia kwenye ziwa lililoganda. Sura haikuwa ya mtu wa kwao. Lakini alipoionja barafu kwa mguu wa kwanza, na mkono ukatangulia, Ndegwa aliguna gizani.

"Mama," alisema, "huyu si wewe?"

"Ni mtoto wako," Mama Ndegwa alimjibu. "Tazama vizuri."

Abigael alikuwa amekaa kati yao. Alisema, kwa Kiswahili, kwamba ni wote wawili, na hakuna aliyembishia.

Taa zilipowashwa, Mama Ndegwa aliinuka, akaanza kumpa mkono kila aliyekuwa chumbani, na Shafina akacheka, akasimama kwenye foleni pamoja na wengine. Wa mwisho alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyekuwa amejibanza karibu na mlango. Alipopewa mkono hakuuachia. Jina lake lilikuwa Médiatrice, alitoka Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Mama, ni miye nachoraka mikono," alisema.

Alieleza kwamba kwa miezi yote hiyo kazi yake ilikuwa mikono ya yule bibi peke yake, vidole, kucha, mikunjo, picha baada ya picha. Kompyuta ilimpa mwendo, lakini ngozi ilibidi aitafute mwenyewe, na alikuwa akiitafuta katika mikono ya mama yake aliyebaki kule, ambaye hajamwona tangu alipoondoka. Aliigeuza mikono ya Mama Ndegwa kwenye mwanga wa taa, akaipapasa pale kwenye kidole gumba, akasema alikuwa amekosea kidogo hapo, ila sasa ameona.

Mama Ndegwa alimwachia mikono aitazame kadiri alivyotaka. Ndegwa alikuwa ameshafungua mlango, gari halikuegeshwa pazuri, Abigael anamwita. Médiatrice alimsindikiza hadi kwenye lifti, bado amemshika.

"Mama, utarudia lini?" aliuliza. "Hata kama kazi imeisha, ukuye tu kunisalimia."